Jirani wa Kwanza Anataka Kulipia Hatua Ishirini

UKUTA KWA UKUTA
Maswali ya wasomaji kuhusu mipaka, njia, mitaro na majirani. Anajibu Shangazi, Malindi.

SWALI: Assalam aleikum Shangazi. Naishi hapa hapa Malindi, kwenye njia inayoingia ndani kutoka barabara ya lami ya kuelekea Casuarina. Njia yenyewe ina urefu wa mita 360, haina lami, haina jina, na wala hatujawahi kuona greda la serikali likiikanyaga. Tuko viwanja saba na mimi ndiye wa mwisho. Kila masika magari hukwama mbele ya kiwanja cha sita. Mvua zilizopita tuktuk iliyokuja kumchukua mama yangu kumpeleka hospitali ilisukumwa na vijana wa mjengo hadi ikatoka.

Safari hii tumekubaliana tuitengeneze kabla mvua hazijaanza. Fundi ametupa makisio ya shilingi 252,000: murram, greda la siku moja, rola, na kalvati moja pale njia inapokutana na lami. Tukagawa kwa saba, ikawa 36,000 kila geti. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mzee wa geti la kwanza anasema yeye akitoka kwenye lami anapiga hatua ishirini ameshafika kwake, na hatalipia matope ya watu wengine. Geti la pili ni bi mkubwa mjane, hana gari wala baiskeli, sokoni huenda kwa miguu. La tatu ni la Mtaliano ambaye huja Desemba akaondoka Machi, na mtunza nyumba wake anasema hajapewa amri ya kutoa pesa. La nne ni la bwana mwenye fleti sita za kukodisha wageni. Magari ya wageni ni yake, lori la maji ni lake, gari la taka ni lake, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema "sawa, nalipa leo." La tano ni familia kama sisi. Cha sita ni kiwanja kitupu, mwenyewe yuko Nairobi. Katika kikundi cha WhatsApp sasa watu wanatumiana sauti za dakika tano tano. Shangazi, nani yuko sawa? Na asiyetaka kulipa tumfanyeje?
Mama wa Geti la Mwisho, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Nianze na bwana wa fleti, kwa kuwa ndiye pekee asiyelalamika. Mtu mwenye fleti sita akikimbilia kulipa sawa na mjane asiye na baiskeli, ujue ameshapiga hesabu zake na zimemwendea vizuri. Hiyo 36,000 mliyoiona ya haki inamfurahisha mtu mmoja tu katika njia nzima, na si wewe.

Kugawa kwa mageti kunampa raha mweka hazina, basi. Barabara haivunjwi na mageti, inavunjwa na uzito na maji. Wamarekani waliwahi kufanya jaribio kubwa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960. Walijenga vipande vya barabara, wakayazungusha malori juu yake mpaka vikavunjika, ili ionekane uzito gani unaharibu kiasi gani. Kanuni iliyotoka hapo, na wahandisi wanaitumia mpaka leo kama makadirio, ni kwamba ekseli, ule mtaimbo unaoshika magurudumu ya gari, ikibeba uzito mara mbili, madhara huwa kama mara 16. Ikibeba mara tatu, madhara yanakaribia mara 81. Zile zilikuwa barabara za lami na zege, si murram iliyomwagwa juu ya mchanga wetu, lakini mwelekeo ni ule ule. Na kwenye murram iliyolowa huhitaji mhandisi: simama kando utazame lori la maji likiingia limejaa, kisha utazame alama za magurudumu lilizoacha. Safari yake moja inaiumiza njia yenu kuliko tuktuk za nyumba yako mwaka mzima.

Sasa mzee wa geti la kwanza. Nyote mmemkasirikia, na mimi nasema ana hoja, tena hoja ya zamani. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wana kanuni yao, al-ghurmu bil-ghunmi, kwamba gharama humfuata anayepata faida. Majalla, zile sheria za dola ya Uthmaniya zilizokusanywa kati ya 1869 na 1876, iliishusha kanuni hiyo hadi kwenye njia ya watu binafsi isiyotokea upande wa pili, kama hiyo yenu: mwenye nyumba ya mdomoni mwa njia huchangia kipande kinachomfikisha kwake, na mwenye nyumba ya mwisho huchangia vipande vyote.

Haya, tupige hesabu hiyo uone inakupeleka wapi. Shilingi 252,000 kwa mita 360 ni 700 kila mita. Tuseme geti la kwanza liko mita 15 kutoka kwenye lami, la pili mita 80, la tatu 130, la nne 180, la tano 250, la sita 300, na lako 360. Mita 15 za kwanza mnazilipia nyote saba, inakuwa 1,500 kwa kila mmoja, na mzee amemaliza, anarudi kwenye kahawa yake. Wewe bado unatembea. Kila geti unalolipita mwenzako mmoja anabaki nyuma, na mita 60 za mwisho unazilipia peke yako, shilingi 42,000. Jumla yako inapita 100,000. Kwa hivyo ukitaka kumbishia mzee kwa kanuni ya umbali, usiende na kikokotoo.

Lakini naye asishangilie. Hiyo kalvati mnayoinunua inakaa mdomoni, yaani mbele ya nani? Magari yote ya njia yanakata kona pale. Vumbi lote la kiangazi linatua barazani kwake. Maji yakikosa kupita chini ya mdomo yatasimama getini kwake, si kwako. Hatua zake ishirini ndizo ghali kuliko hatua zozote nyingine za njia hiyo, na shilingi 1,500 hazilipii hata robo yake.

Wenzetu wa nchi nyingine wamegombana sana juu ya jambo hili, na majibu yao yanafaa kusikilizwa. Huko California sheria yao ya kiraia, kifungu cha 845, inasema watu wanaotumia njia moja wafuate mapatano yao, na kama hawana mapatano, kila mmoja alipe kwa kadiri anavyoitumia. Uingereza wana kesi maarufu ya mwaka 1957, Halsall dhidi ya Brizell. Viwanja viliuzwa Liverpool, mahali paitwapo Cressington Park, na hati ya mwaka 1851 ikasema kila mwenye kiwanja atachangia barabara, mitaro na ukuta wa kuzuia maji. Karibu miaka mia baadaye nyumba moja ikagawanywa kuwa fleti, na wasimamizi wakataka mwenyewe alipe zaidi ya fungu moja. Jaji alisema mambo mawili. La kwanza, anayeitumia barabara hawezi kukataa kuichangia, hata kama hakutia saini mwaka 1851. La pili, na hili ndilo nataka ulisome polepole, fleti hazikulipishwa zaidi, kwa kuwa hati haikusema hivyo.

Bwana wenu wa fleti sita pengine hajawahi kusikia habari za Liverpool, lakini anajua faida ya jambo ambalo halijaandikwa. Kwa hivyo liandikeni, na liandikeni kabla lori la kwanza halijamwaga, maana mtu akishakanyaga murram mpya hana haraka tena ya kutia saini.

Mimi ningegawa kwa hisa. Nyumba ya kawaida yenye gari moja au mawili, hisa mbili: huyo ni wewe, na geti la tano, na Mtaliano. Mzee wa mdomoni, hisa moja. Bi mkubwa, hisa moja. Kiwanja kitupu, hisa moja. Fleti sita, hisa tano. Jumla ni hisa 14, na 252,000 ukigawa kwa 14 ni 18,000 kamili kila hisa. Tazama sasa: wewe unabaki na 36,000 ile ile, mzee analipa 18,000, na bwana wa fleti analipa 90,000. Atapiga kelele. Mwambieni achukue 90,000 azigawe kwa vyumba vyake na miezi ambayo murram itadumu, kisha alete hiyo hesabu kikaoni. Bado akiona ni nyingi, mpunguzieni hadi hisa nne kwa sharti moja, lori la maji liingie na nusu tangi siku za mvua. Hapo mtajua kama shida yake ni pesa.

Bi mkubwa msimsamehe kabisa, hata kama mnaweza. Najua mtaniona sina huruma. Asiyechangia chochote haitwi kikaoni, na asipoitwa, nani atasema kwamba magari ya wageni yanapita kasi ukutani kwake na yanamrushia vumbi kwenye nguo alizoanika? Alipe hisa yake kidogo kidogo, na mwenye nafasi amuongezee kimya kimya bila kutangaza kwenye kikundi. Kisha kikao kikizungumzia matuta ya kupunguza kasi, yeye ndiye atakayesema yawekwe wapi.

Mtaliano hana haja ya kuonewa wala kuogopwa. Hayupo miezi minane, sawa, lakini mtunza nyumba yupo, askari wa usiku yupo, mtu wa bustani yupo, na nyumba ikishika moto mwezi wa Julai gari la zimamoto halitapita angani. Kosa lenu ni kumdai kupitia kwa mtunza nyumba. Yule ni mwajiriwa, hana kauli. Mwandikieni mwenyewe, mkampelekea makisio, picha za njia na jedwali la hisa za kila mtu. Na kikao chenu kiwe Februari kila mwaka, akiwa bado yuko hapa, na masika hayajafika.

Huyo wa Nairobi leo analipa hisa moja kwa kuwa hana hata kuku pale. Siku atakapoanza kujenga itakuwa habari nyingine. Malori ya mawe, ya kokoto, ya mchanga, ya mbao, yote yatapita juu ya kazi mliyoilipia nyinyi. Andikeni sasa, angali mtu mpole wa kwenye simu, kwamba anayejenga ataweka amana kabla ya lori la kwanza, na mjengo ukiisha njia itakaguliwa: ikiwa imechimbika, amana inatengeneza, ikiwa nzima, anarudishiwa. Katika njia yetu huku mtaa wa Barani, ambako mimi ndiye mweka hazina, kifungu hicho ndicho kilichotuokoa zaidi kuliko vingine vyote.

Halafu kuna maji, na hapa naona fundi wenu amewafanyia ubahili mahali pabaya. Makisio yana kalvati moja na hayana mtaro hata mita moja. Njia inakwama mbele ya kiwanja cha sita kwa sababu ndipo pachini. Mkimwaga murram pale mtapata tope jekundu badala ya tope jeusi. Mwambieni aipe njia mgongo: kutoka katikati kwenda kando ishuke kama sentimita 5 kwa kila mita, ili njia ya upana wa mita nne iwe imeinuka sentimita 10 katikati. Pale kwenye kiwanja cha sita kwanza atandike kifusi cha mawe ya matumbawe akishindilie, ndipo aje na murram juu. Udongo wetu ni wa mchanga, unafyonza vizuri, kwa hivyo shimo la kufyonzea maji lililojazwa mawe kila upande wa sehemu hiyo litafanya kazi kubwa kwa pesa ndogo. Kisha tembeeni njia nzima siku ya mvua mkitazama kuta. Mtakuta bomba la paa la mtu linamwaga njiani. Aghalabu ni paa kubwa kuliko yote, na unajua ni la nani. Huyo achimbe shimo lake ndani ya ua wake kwa pesa zake, halihusiani na hisa.

Murram pia ipimeni. Mita 360 kwa upana wa mita 4 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 144. Udongo ukishindiliwa hupungua, ongeza robo, ziwe 180. Fundi akikwambia malori ishirini, muulize malori gani. Lori la tani saba na tipa la magurudumu kumi hayabebi sawa, na bei huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja. Chukua futi, pima sanduku la lori urefu, upana na kimo, halafu simamisha kijana mdomoni ahesabu yanayoingia.

Kuna swali moja barua yako imeliruka, na linaweza kubadilisha mengi: hiyo njia ni ya nani? Mimi nilikuwa karani wa mpima ardhi, na sina hesabu ya watu niliowaona wakiita "njia yetu" kitu ambacho kwenye ramani ni barabara ya umma. Nendeni kwenye ofisi ya usajili wa ardhi inayoshika hati zenu mkaitazame ramani. Ikiwa shamba lilipokatwa viwanja njia iliachwa nje ya viwanja kama barabara, basi ni ya umma, na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziweka barabara za kaunti mikononi mwa kaunti. Hapo mnaruhusiwa kuomba zamu yenu, na mkichoka kungoja mkaomba idhini ya kuitengeneza wenyewe, lakini msiote kuweka geti. Ikiwa njia imepita ndani ya kiwanja cha mtu, inatakiwa haki ya njia iliyosajiliwa, kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Msipoisajili mnategemea roho nzuri ya mwenye kiwanja, na siku akifa mtaanza upya na warithi.

Mapatano yenyewe yawe karatasi mbili tatu za Kiswahili chepesi, na ya Mtaliano itafsiriwe. Nambari za viwanja, hisa za kila kimoja, nani anapitisha matumizi, hisa zinaongezeka lini (mtu akijenga, akigawa kiwanja, akigeuza nyumba kuwa ya wageni), na sharti kwamba anayeuza atamwonyesha mnunuzi karatasi hii na kumtaka naye atie saini. Sharti la mwisho hilo msilione dogo. Mkataba wa kawaida humfunga aliyeutia saini, na mnunuzi wa kesho atawaambia yeye hakuwepo. Mpeni wakili aupitie, na kama haki ya njia inasajiliwa, muulizeni ni masharti gani yanaweza kusajiliwa pamoja nayo.

Baada ya ukarabati, acheni hizi harambee za hasira. Shilingi 500 kwa hisa kila mwezi: wewe 1,000, mzee 500, fleti 2,500. Inaingia 7,000 kwa mwezi, 84,000 kwa mwaka, na kila Februari mnaziba mashimo yakiwa bado ya kuzibwa kwa toroli. Pesa zikae kwenye akaunti ya watu watatu, kutoa wawili watie saini. Mimi huandika pia kwenye daftari la karatasi, maana simu huibwa, na huligongesha muhuri kila kikao. Watu hucheka ule muhuri, lakini hakuna aliyewahi kubishana nao.

Na asiyelipa? Kwanza asitajwe peke yake kwenye kikundi. Tumeni jedwali lote, majina yote, aliyelipa na ambaye bado, na mlitume kila mwezi hata kama wote wamelipa. Kisha mzee wa mtaa, Nyumba Kumi, chifu. Katiba yenyewe katika kifungu cha 159 inahimiza upatanisho na njia za kienyeji za kumaliza magomvi, kwa hivyo mkifika mbele bado mtaulizwa kama mlijaribu. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa hapa hapa Malindi, lakini ada ya wakili wa kwanza itakula kalvati na rola. Mzee wa geti la kwanza mpelekeeni jedwali la hisa nyumbani kwake, ukiwa wewe na bi mkubwa wa geti la pili, si kwa sauti za WhatsApp. Atakapoona amewekewa nusu ya yako, nadhani atauliza tu kalvati itakuwa ya upana gani.

SWALI: Shangazi shikamoo. Sisi tuko upande wa Watamu, nyumba tano. Mmoja hajatoa hata senti tangu tutengeneze njia, na gari lake ndilo zito kuliko yote. Wanne tumeamua tuweke kizuizi cha chuma chenye kufuli na kila mlipaji apewe ufunguo wake. Kuna ubaya?
Tuliolipa, Watamu

JIBU: Marahaba. Ubaya upo, na utawarudia nyinyi. Mtu aliyefungiwa njia ya kufika kwenye ardhi yake ana sheria upande wake: Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mwenye kiwanja kisicho na pa kutokea aende mahakamani kuomba amri ya kupitishwa. Leo yeye ndiye mdaiwa. Mkimfungia, kesho yeye ndiye mlalamishi, na deni lake litakuwa habari ya pembeni. Na usiku mtoto wake akiugua ghafla, funguo ziko mifukoni mwa watu wanne waliolala.

Kama njia ni ya umma, hicho kizuizi hakina hata mjadala, kiondoeni kabla ya mtu kukipiga picha.

Ila kuna kizuizi ninachokikubali: cha lori. Wekeni nguzo mbili na boriti ya juu yenye kimo mlichokubaliana, gari dogo na gari la wagonjwa vipite, lori la mzigo lisimame hadi boriti ifunguliwe na mtu mmoja aliye karibu saa zote. Hiyo inawahusu wote watano, wala hakuna anayeonewa, na ndiyo inayolinda murram. Deni mdaini kama deni lolote. Risiti mnazo? Barua yako haikutaja mapatano ya kuandikwa, na hilo limenipa wasiwasi kuliko kufuli.

SWALI: Bi Shangazi, salamu kutoka Lamu. Sisi hatuna magari ya kutuvunjia njia, tuna punda, lakini ugomvi ni ule ule. Ujia wetu uko Mkomani, unatumiwa na nyumba nne, na mtaro wake umebomoka, maji yananuka. Wawili wanataka tumwage saruji ujia mzima yaishe. Wa tatu ana wikio, yaani chumba kilichovuka juu ya ujia, na anasema atalipa fungu moja kama wengine. Wa nne ni mimi, sina la kusema ila harufu iko dirishani kwangu.
Mwenye Dirisha, Lamu

JIBU: Mwenye Dirisha, hao wawili wazuieni leo. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kabla ya kugeuza ujia mnapaswa kupita kwa watu wa Makumbusho wanaoshughulika na uhifadhi. Hata bila hayo, saruji ni adui wa nyumba zenu. Kuta za matumbawe na chokaa hupumua. Mkiziba ardhi yote kwa saruji, unyevu uliokuwa ukitokea njiani utapanda ukutani, na chokaa itaanza kubanduka ndani vyumbani. Mtaro utengenezwe kwa mawe na chokaa kama ulivyokuwa, na mifuniko yake iwe ya kuinuka, fundi asije akavunja kila mara anapotaka kuzibua.

Kuhusu fungu, mwenye wikio anawapa kivuli wapitao, chumba chake hakitii tone kwenye mtaro, msimwongezee kwa ajili hiyo. Ingieni ujiani asubuhi mkahesabu mabomba yanayomwaga mtaroni, ya jikoni na ya bafu, ya kila nyumba, mgawane kwa mabomba. Nyumba yenye bafu nne za wageni itajitokeza yenyewe. Bomba la choo likionekana mle, hilo halina fungu, linatolewa na mwenyewe siku hiyo hiyo.

Gharama ya punda wa kupandisha mawe na mchanga kutoka gatini iwe ya wote sawa, na mwenye punda aelezwe mapema mahali pa kumwaga. Ujia ukizibwa na lundo la mchanga, wa kwanza kugombana na nyinyi atakuwa jirani wa tano, ambaye hata mtaro haumhusu.